Gurudumu la Nyuma

Tangu siku ya arubaini Nekesa alikuwa ameahidi kwenda kuichukua baiskeli ya rafiki yake, marehemu Jaffar, na kila wiki alikuwa na sababu ya kutokwenda. Mara gari halina mafuta. Mara Naomi, binti yake, ana homa. Ukweli aliujua mwenyewe moyoni: aliyaogopa macho ya mama wa marehemu.

Alhamisi ile mama huyo, Bi Nabiha, akampigia simu mwenyewe.

"Mwanangu, njoo leo. Jua lisitue na kitu hiki kimo humu ndani."

Basi Nekesa alipotoka kazini, bandarini, akapitia Mji wa Kale. Kigari chake kilikuwa kile kifupi, mlango wa nyuma wa kufungulia juu, gari la mama na mtoto mmoja na mfuko wa mboga. Halikuwa gari la kubebea baiskeli ya milimani yenye matairi manene kama mkono wa mtu. Lakini ndilo alilokuwa nalo. Akaliegesha karibu na Ngome, akashika vichochoro kwa miguu.

Bi Nabiha alikuwa amesimama mlangoni, buibui lake mwilini kana kwamba yeye ndiye anayetoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomi hajambo?"

"Hajambo, twashukuru Mungu."

Hakukaribishwa kuketi. Nekesa aliijua nyumba ile. Haikuwahi kumwacha mgeni atoke bila japo kikombe cha kahawa. Siku hiyo baiskeli ilikuwa imeshawekwa ukumbini, imegeuzwa uso kuelekea mlango.

"Jaffar alisema, likimpata la kumpata, hii ni yako. Ndiwe uliyekuwa ukienda naye," alisema Bi Nabiha. "Ichukue kama ilivyo."

"Ahsante, mama."

Mwanamke mzee akamshika kiganja. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Kama ilivyo, mwanangu. Wanisikia?"

Nekesa aliitikia kwa kichwa. Alidhani ni huzuni ya mzazi: asilifute vumbi la mwanawe, asiibadilishe rangi. Hakuthubutu kuuliza. Hakuthubutu hata kuinua macho, kwa sababu ya lile alilokuwa akilificha miezi mitatu.

Asubuhi ile kwenye daraja la Makupa, yeye na Jaffar walikuwa wakiendesha kuelekea bara, Jaffar mbele, yeye nyuma. Mnyororo wake ukatoka. Akapiga kelele, "Jaffar, ningoje!" Jaffar akageuza kichwa kumtazama. Akayumba kidogo tu, kidogo sana, na lori lilikuwa pale pale. Baiskeli ilirushwa kando, nzima. Kwa polisi Nekesa alisema Jaffar aliteleza. Kwa Bi Nabiha pia alisema aliteleza. Ule wito wake hakumwambia mtu.

Akaushika usukani wa baiskeli, akaisukuma itoke nje. Haikwenda. Gurudumu la mbele lilizunguka vizuri, la nyuma lilikuwa limekaza kama limepigwa msumari. Akafikiri ni breki. Ikambidi aiinue kwa nyuma na kuiburura kichochoro baada ya kichochoro, huku adhana ya Magharibi ikitoka msikiti huu na kudakwa na ule. Ilikuwa nzito. Nekesa alikuwa ameibeba baiskeli hiyo zaidi ya mara moja kwenye ngazi za Feri, akaujua uzito wake. Huu haukuwa uzito wake.

Alipofika garini, manyunyu yalikuwa yameanza. Akavilaza viti vya nyuma, akatandika leso kuukuu ili grisi isichafue. Akalitoa gurudumu la mbele. Akaugeuza usukani ulale sambamba na chuma, akakishusha kiti mpaka chini. Akaisukumiza ndani. Mlango ukagoma kufunga, umebaki upana wa kiganja. Akaitoa, akaigeuza, akajaribu tena. Upana wa kiganja.

Hapakuwa na njia nyingine. La nyuma nalo lilipaswa kutoka.

Akawasha tochi ya simu, akainama. Hapo ndipo alipoona kwa nini lilikuwa haliendi. Haikuwa breki. Uzi mweusi ulikuwa umezungushwa, mzunguko juu ya mzunguko, ukazifunga spoku na kuzishikiza kwenye fremu. Katikati ya uzi palikuwa na kijifuko cha ngozi, kidogo kama kokwa ya tende.

Nekesa alizaliwa Bungoma, lakini miaka kumi na minne ya Mombasa ilitosha kumfundisha hirizi ni nini. Akasita. Nyuma yake tuktuk ikapiga honi.

"Mama! Sogeza gari, watu wapite!"

Labda ni kinga ya wezi, akajiambia. Akatoa kisu kidogo kwenye mfuko wa spana, akaukata uzi. Kijifuko akakiweka juu ya ukuta mfupi wa pembeni, akamwomba Mungu amsamehe, bila kujua kwa kosa gani.

Gurudumu likazunguka. Taratibu. Mara moja tu.

Kinyumenyume.

Akalichomoa, akalilaza juu ya leso kando ya fremu. Mlango ukafunga bila kelele.

Foleni ya kuelekea Makupa ilikuwa ndefu jioni ile, malori yamebanana, mvua inapiga kioo. Gari lilikuwa limesimama kabisa alipousikia mlio.

Tik.

Kila aendeshaye baiskeli anaujua mlio huo. Ni meno ya gurudumu la nyuma, pale mtu anapoacha kukanyaga na baiskeli ikateleza yenyewe.

Tik… tik…

Akajiambia ni mtikisiko wa injini. Akaizima injini.

Tik… tik… tik-tik-tik-tik…

Nekesa akatazama kioo cha juu. Taa za lori la nyuma zilimulika ndani ya kigari chake kama mchana. Fremu ilikuwa imetulia. Gurudumu lililolazwa juu ya leso lilikuwa linazunguka, kama sinia linalosukumwa kwa kidole.

Kisha ikaja harufu. Matope ya mikoko, pale maji yanapotoka na kuacha ufuo wazi. Ikajaa gari zima mpaka akaionja kwenye ulimi. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Gari likabonyea nyuma.

Lilibonyea kama linavyobonyea mtu mzima anapoingia.

Akasikia mtu akihema. Pumzi ndefu, za mtu aliyetoka kupanda mlima kwa baiskeli. Zilikuwa mbali, huko mlangoni. Halafu zikawa kwenye viti. Halafu zikawa kisogoni mwake, baridi, na nywele zikamsimama.

Foleni ikasogea. Akaendesha kwa sababu miguu yake ilijua kazi yake, si kwa sababu alikuwa na akili. Kushoto kwake maji meusi, kulia malori. Alipofika mahali penyewe, mahali alipopajua hata usingizini, akalitoa gari pembeni, akalisimamisha.

"Jaffar?" alinong'ona.

Gurudumu likasimama. Pumzi zikasimama.

Tik.

Mara moja tu, kama mtu aliyeitikia. Nekesa akaangua kilio. Yote aliyoyafunga miezi mitatu yakamtoka.

"Ni mimi niliyekuita. Nilikuambia uningoje. Ukageuka kwa ajili yangu, na mimi nikamwambia mama yako uliteleza. Nisamehe. Usiningoje tena, ndugu yangu. Basi. Nenda nyumbani."

Akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Nenda nyumbani," alirudia.

Nyuma, mlango ukafunguka wenyewe, ukapanda juu taratibu. Mvua ikaingia. Gari likainuka, jepesi. Harufu ikatoweka kama taa iliyozimwa.

Alikaa kitambo akilia, na kilio chake kilikuwa na raha ndani yake. Kisha akashuka, akausukuma mlango ukafunga, bila kutazama ndani. Akarudi kwenye usukani, akampigia Bi Nabiha, akamweleza yote: mnyororo, wito, lori, na sauti alizozisikia jioni ile.

Bi Nabiha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ajali yatoka kwa Mungu, mwanangu," alisema hatimaye. "Sina kinyongo nawe. Mwanangu alikuwa na tabia ya kugeuka akiitwa, tangu mdogo. Lakini nami nina langu nililokuficha. Ule uzi… umeukata?"

"Gurudumu halikuingia garini, mama. Ilibidi."

"Nilidhani utakuja na pikapu." Akavuta pumzi. "Nekesa, lile gurudumu lilianza kuzunguka Jaffar angali hai."

Nekesa akaibana simu sikioni.

"Baiskeli ile aliinunua kwa mtu aliyeiopoa kwenye matope, pale chini ya Makupa. Hakuna aliyejua ilikuwa ya nani, wala mwenyewe aliishia wapi. Tangu iingie nyumbani, kila Magharibi lazunguka. Jaffar ndiye aliyekwenda kwa maalim, akapewa kile kijifuko, akakifunga kwa mkono wake. Akawa akitaka kuiendesha hukifungua, akirudi hukifunga. Nilimwambia aitupe. Akacheka. Alipokufa nilikifunga mwenyewe, nikasema sitakifungua tena. Nilitaka itoke nyumbani kwangu tu. Nisamehe. Nilidhani ikiwa imefungwa haitakudhuru."

"Lakini alinijibu, mama. Nilimwita, akajibu."

"Mwanangu tumemzika, tumemsomea, amelala. Huyo uliyesema naye si Jaffar." Kisha, kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa kusikiwa chumbani mwake: "Ulimwambia aende nyumbani. Nyumbani kwa nani?"

Nekesa hakumbuki jinsi alivyopita Changamwe. Anakumbuka alimpigia Naomi mara tatu, na mara ya tatu Naomi akapokea.

"Mama, nafanya hesabu. Kwani kuna nini?"

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa."

"Usimfungulie mtu. Hata ukisikia sauti yangu. Mimi nina ufunguo."

Wao walikaa Mikindani, katika jengo la ghorofa nne, wao ya tatu. Kenga, mlinzi, alimfungulia geti akiwa na mwavuli, akataka kumsalimu, lakini Nekesa alikuwa ameshampita mbio. Akapanda ngazi mbili mbili. Mlango ulikuwa umefungwa. Naomi alikuwa mezani, kalamu mdomoni, mzima. Nekesa akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Kisha akapekua nyumba yote: chini ya vitanda, nyuma ya pazia la bafu, ndani ya kabati. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na harufu. Akaketi, akacheka peke yake, machozi yakimtoka.

Aliamua baiskeli ile isilale hata usiku mmoja ndani ya gari lake. Asubuhi angeipeleka kwa maalim huyo huyo. Usiku ule ingekaa kibandani kwa mlinzi. Hakutaka kumwacha Naomi peke yake, wakashuka wote wawili, mkono kwa mkono.

Kenga alikuja kusaidia. Nekesa akaufungua mlango wa nyuma. Fremu ilikuwepo. Gurudumu la mbele lilikuwepo. Leso ilikuwa imelowa, na katikati yake palikuwa na duara la grisi, tupu.

"Hiyo fremu nitaibeba mimi, Mama Naomi," alisema Kenga. "Gurudumu lile lingine si mgeni wako ameshapanda nalo?"

Nekesa alihisi mkono wa Naomi ndani ya mkono wake, mdogo, wenye joto.

"Mgeni gani?"

"Yule aliyetangulia. Alikuja kwa miguu, kalitia gurudumu begani, matope mpaka magotini. Akasema umemwambia aje nyumbani, akaniuliza ghorofa yako. Nikamwambia ya tatu." Kenga akasita, akiuona uso wake. "Nilikosea?"

"Alikuja saa ngapi?"

"Kabla yako kidogo tu. Nilitaka kukuambia pale getini, ukapita mbio."

"Na ameshuka saa ngapi?"

Kenga akageuka, akazitazama ngazi, ambazo ndizo pekee katika jengo lile. Kisha akainua macho taratibu hadi dirisha la ghorofa ya tatu.

"Kupanda nimemwona," alisema. "Kushuka, bado."