Mkaa Ulionyamaza

Agizo la Mkuu liliingia saa tatu na robo asubuhi, maneno saba kwenye redio ya Motorola.

"Chai imemwagika. Futa kabla ya saa nne."

Jasusi Sindano aligeuza pikipiki katikati ya barabara. Magari yakampigia honi. Hakujali.

Kwa lugha yao ya siri, chai ni maji ya mji. Saa nne ndipo vali ya matangi mapya ya kuchujia ingefunguliwa.

Alikuwa ametoka wodi namba sita, alikolazwa mdogo wake wiki ya tatu sasa. Daktari alikuwa amebadilisha antibayotiki mara nne, na kidonda cha upasuaji hakikusikia hata moja. Kwa miaka mingi kiwanda cha dawa kilichoko juu ya mto kilimwaga mabaki yake majini, mpaka vijidudu vya mji mzima vikazizoea dawa. Matangi yale yalijengwa yajazwe mkaa maalumu wa kuzinasa. Na sasa kuna mtu alikuwa ameyachezea!

Saa tatu na dakika arobaini akaruka ukuta wa mtambo wa maji. Bastola ya Glock kiunoni, kalamu yenye kamera mfukoni.

Juu ya tangi la kwanza alimkuta fundi wa vichujio, mama wa makamo ambaye wenzake humwita Mama Koki. Ndiye aliyempigia Mkuu simu.

"Mkaa huu umenyamaza, mwanangu," alisema.

Alieleza harakaharaka. Kila chembe ya mkaa ina vitundu visivyoonekana, na dawa hunata kwenye kuta zake. Mkaa mpya ukitiwa maji, hewa hufukuzwa humo, ukachemka kama soda. Ni lazima ulowekwe siku nzima kabla ya kazi. Huu ulitiwa maji jana, ukatulia tuli. Tena mzabuni aliyeuleta alisema kuloweka ni kupoteza muda.

"Kwa hiyo vitundu vimeshajaa?"

"Vimejaa dawa za kiwanda kingine, huko ulikotumika kwanza. Maji yakipita hapa, mkaa utazitapika zote."

Kumbe ulikuwa mkaa uliokwisha kutumika, ukavushwa mpakani kwa magendo, ukakaushwa na kutiwa kwenye magunia mapya. Sindano akashuka ngazi mbilimbili.

Saa tatu na dakika hamsini na tatu.

Mzabuni alisimama kwenye vali, suti ya kijivu, chupa ya maji ya dukani mkononi. Mlinzi wake alikuwa ameshashika usukani wa vali.

Sindano akabonyeza kalamu, akauliza kwa upole kwa nini mkaa haukulowekwa.

Mzabuni akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Dada, mji huu umezoea kunywa chochote. Hakuna atakayejua."

Inatosha.

Mlinzi akachomoa bastola. Teke la Sindano likamvunja mkono, bastola ikatumbukia mtaroni. Kiwiko kikafuata, mlinzi akalala. Mzabuni akajirusha kwenye usukani, akauzungusha nusu duara.

Bomba likanguruma.

Sindano akamvuta kwa kola na kumbamiza ukutani. Alitamani sana kuendelea. Lakini Mama Koki alikuwa amefika na spana yake. Akaurudisha usukani mpaka mwisho, akafungua nati, akaung'oa na kuukumbatia.

"Haifunguki tena bila mimi," alisema.

Saa tatu na dakika hamsini na nane.

"Chai imefutwa," Sindano aliiambia redio. "Nina sauti yake na sura yake. Leteni gari."

"Na wewe?" aliuliza Mkuu.

"Nina mgonjwa."

Mzabuni, akiwa amefungwa pingu kwenye bomba, alilalamika kuwa koo limemkauka. Aliomba chupa moja kutoka kwenye katoni iliyokuwa ndani ya Hilux yake.

Sindano akaishusha katoni nzima, akaifunga nyuma ya pikipiki.

"Hii inakwenda wodi namba sita," alisema. "Koki hiyo hapo nyuma yako. Kunywa."

Akawasha pikipiki, akaondoka bila haraka.