Kidole Kisichokunjika

Mtaa wa wauza vitambaa una sheria moja: ukisimama, unakanyagwa. Daktari hakuijua. Jumamosi saa tano asubuhi alisimama katikati ya njia, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, akimwuliza muuza nyuzi ni uzi gani ungeshona kipande cha bomba la mpira alichokishika bila kukichana. Mtu mwenye mzigo akamsukuma kwa nyuma. Mpira ukamponyoka, ukaviringika hadi chini ya cherehani ya fundi mmoja wa kike aliyekuwa akishona barazani.

"Kaka, hili bomba la choo linatafuta nini miguuni kwangu?"

"Samahani, dada. Si la choo. Ni utumbo."

"Utumbo?"

"Wa mazoezi. Mimi ni daktari, nasomea upasuaji."

Fundi aliokota ule mpira. Alikuwa amevaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, likamkaa sawasawa, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliutazama mshono mweusi uliozunguka mpira, akachukua chupa yake ya maji, akamimina kidogo ndani. Maji yakatoka kila upande.

"Umeshona wewe hivi?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nikiugua, nizikeni tu."

Alicheka mpaka akashika meza. Daktari naye akacheka, kwa aibu kwanza, kisha kwa raha. Sijui wengine wanapendana vipi, lakini nimeshaona mapenzi mengi yakianzia kwenye kuchekwa, na mara nyingi anayechekwa ndiye hutangulia kunasa.

Hospitali ya daktari huyu ilikuwa na bingwa mmoja tu wa upasuaji: Mkuu wa idara, mzee mkali mwenye foleni ya wagonjwa isiyokwisha. Ndipo ukaja mpango wa kufundisha kwa skrini. Profesa, mama wa makamo aliyehamia mbali lakini Kiswahili hakikumhama, aliwafundisha madaktari wanne kutoka huko alikokuwa. Kila mmoja alipewa simu na stendi yake. Unavaa glavu, unashona utumbo wa mpira, simu inarekodi mikono peke yake. Ikishika mtandao, inaituma video yenyewe. Profesa haoni uso wala jina, anaona namba, asije akampendelea mtu. Atakayefikisha alama themanini ndiye angeongoza upasuaji wa kwanza, Profesa akimtazama kupitia kamera na kumwelekeza hatua kwa hatua.

Basi kila mchana daktari akawa anabeba simu, stendi na mpira wake hadi barazani kwa fundi.

"Unavuta uzi kama unafunga ng'ombe," fundi alimwambia. "Uzi haushindwi kwa nguvu, unabembelezwa."

"Nifundishe kubembeleza."

"Uzi, nimesema. Acha macho hayo."

Wiki zikapita. "Kaka" ikawa "dakta", "dakta" ikawa "dakta wangu", na jirani muuza vifungo akaacha kuuliza. Daktari alipenda kila kitu cha fundi, hata kile kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichotobolewa na sindano ya cherehani akiwa bado mwanafunzi. Tangu siku hiyo hakikunjiki. Akishona, vidole vingine vyote hujikunja, hicho kinabaki kimenyooka.

"Kinaelekeza wapi?" daktari alimtania.

"Kinaelekeza waongo."

Siku moja fundi alichoka kutazama. "Hebu nipishe." Akavaa glavu, akashika koleo la sindano kama alivyomwona daktari akifanya siku zote, akashona ule mpira mzunguko mzima. Wakamimina maji. Halikutoka hata tone. Walishangilia, wakakumbatiana, na hakuna aliyeikumbuka simu iliyosimama kwenye stendi yake ikirekodi.

Baada ya siku tatu ile simu ikalia. Daktari akasogea pembeni kuipokea. Fundi alikuwa akimpelekea chai, akasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Mikono yako imeniua kabisa. Nimeirudia mara nne!"

Aliisikia hiyo tu, akasimama. Pikipiki ikapita ikinguruma, hakusikia iliyofuata: "Video namba saba, alama tisini na mbili. Na hicho kidole kidogo unachokinyoosha, kakufundisha nani?"

Daktari akakumbuka mchana ule wa maji barazani. Alama yake ya juu kabisa ilikuwa sitini na nne. Neno moja tu lingetosha. Lakini mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemsifu.

"Ni mazoezi tu, Profesa," akasema.

Alipogeuka, alimkuta fundi na kikombe mkononi.

"Nani huyo anayekufa kwa mikono yako?"

"Profesa."

"Profesa. Na jasho hilo nalo ni la masomo?"

"Nitakueleza."

Hakueleza. Aliazimia kusema kesho yake, lakini kesho Mkuu akampa mkono ukumbini mbele ya wauguzi wote, akamwita "mwanangu", naye mzee huyo hajawahi kumwita mtu hivyo. Kesho kutwa jina lake likabandikwa ukutani kama mpasuaji wa kwanza. Uongo mdogo una haraka kuliko mwenyewe. Daktari akaacha kwenda barazani, na simu za fundi zikawa zinaita mpaka zinakatika. Fundi akajumlisha sauti ya mwanamke na ukimya, akapata jibu ambalo mwanamke yeyote angelipata. Alilia ndani ya kitambaa cha mteja, ikabidi akifue.

Kisha mama yake akazidiwa. Tumbo lilikuwa likimsumbua tangu zamani, safari hii vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye utumbo. Unatakiwa kukatwa, na ncha mbili za utumbo ziunganishwe kwa uzi. Mshono ukivuja, mtu hafiki wiki. Mama akapangwa Alhamisi, mgonjwa wa kwanza wa upasuaji wa skrini.

Safari hii daktari alipokea simu.

"Ni wewe utakayemshona mama?" fundi akauliza.

"Nimepangwa mimi."

"Ndiyo maana ulikuwa unanikimbia? Ulikuwa unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Usiogope, mpenzi. Na mimi nilivyokuwaza vibaya! Kama Profesa amekupitisha, mimi nani? Mama yangu yuko mikononi mwako."

Daktari akaaga haraka. Akakata simu.

Jumatano alasiri Mkuu alimwita fundi ofisini asaini kwa niaba ya familia. Alimwona anavyosokota ncha ya mtandio wake, akamhurumia, akavuta kompyuta ndogo. "Tulia, binti. Tazama mwenyewe mikono itakayomshona mama."

Fundi akatazama. Glavu mbili, mpira mweusi, uzi unaoteleza bila papara. Na mkono wa kushoto, kidole kidogo kimenyooka.

Alisaini, akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Ile mikono ni yangu."

Alimsikia daktari akifunga mlango.

"Dakta, nasema ile mikono ni yangu! Wewe unakwenda kumpasua mama yangu kwa alama zangu?"

"Nilitaka kusema. Nilitaka siku ile ile..."

"Ungekuwa na mwanamke mwingine ningeumia mimi peke yangu. Hili anaumia mama!" Akafuta machozi kwa futi ya kupimia, ndiyo iliyokuwa karibu. "Una mpaka kesho saa tatu. Usiposema wewe, nasema mimi. Na usiniite mpenzi tena."

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, chumba cha upasuaji kilinukia dawa. Kamera ilifungwa ubavuni mwa taa kubwa, na kwenye skrini ya ukutani Profesa alikuwa tayari. Mama alilala kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni, amefunikwa shuka la kijani, akisubiri kuingizwa. Muuguzi alikuwa akisoma orodha ya ukaguzi, ile isomwayo kwa sauti ili asije akapasuliwa mtu siye.

"Aina ya upasuaji?"

"Kukata na kuunga utumbo," Mkuu akajibu.

"Mpasuaji?"

Wote wakamtazama daktari. Alikuwa amevaa mavazi ya kijani, barakoa, kofia, yamebaki macho tu.

"Si mimi," akasema.

"Unasemaje?"

"Video namba saba si mikono yangu. Ni ya fundi cherehani. Simu ilirekodi bila sisi kujua, lakini Profesa aliponipigia nilijua, nikanyamaza. Alama zangu ni sitini na nne."

"Kijana," Mkuu alisema polepole, "mgonjwa yuko mlangoni."

"Ndiyo maana nasema sasa, mzee. Dakika kumi mbele ningekuwa na kisu mkononi."

Kwenye skrini Profesa alivua miwani. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilipenda kusifiwa."

Kisha Mkuu akaelekea kwenye bomba, akaanza kunawa mikono mwenyewe. "Toka," akasema bila kugeuka.

Ukumbini fundi alikuwa kwenye benchi. Alipomwona alisimama. "Nani yuko na mama?"

"Mkuu."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Baada ya siku kumi na moja za kunyamaza." Akakaa, akageuzia uso ukutani. Daktari alisimama upande wa pili wa ukumbi saa tatu nzima, mpaka muuguzi akatoka na kusema mama yuko salama. Fundi alilia kwa furaha mikononi mwa muuguzi, si mikononi mwake.

Adhabu ilikuwa miezi mitatu bila kugusa kisu. Kazi yake ikawa kusafisha vidonda na kutoa nyuzi za wagonjwa waliopona. Kwa hiyo siku ya kumi na mbili mama alipokuja kutolewa nyuzi, nyuma ya pazia alimkuta yeye. Fundi aliyemsindikiza akakunja mikono kifuani.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna," daktari akajibu.

"Nyamaza, binti, mwache mwenzio afanye kazi," mama alisema, akajilaza. Daktari akainama, akawa anakata uzi na kuuvuta polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Nimekuumiza, mama?"

"Hata. Una mkono mwepesi." Mama akamgeukia binti yake. "Siku ile mlango haukufungwa. Nilisikia yote. Nilikuwa nimeshasema shahada zangu zote, nikasikia mtu anajivunjia jina lake mbele ya wakubwa zake ili mimi nisife. Kukosea alikosea. Wewe utanuna mpaka lini?"

Mikono ya fundi ilishuka kutoka kifuani.

Daktari akaweka mkasi chini. "Mama, najua si mahali pake. Nampenda binti yako. Nataka kumwoa."

"Mwanangu!" mama akaruka nusu. "Posa haipokelewi tumbo wazi. Nifunike kwanza!"

Fundi alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimponyoka, na ndani yake mlikuwa na machozi. "Themanini," akasema. "Kwa mikono yako. Ndipo nitakujibu."

Miezi mitatu daktari alishona barazani, na fundi akakaa mbele yake mikono nyuma. "Ihesabu, yote miwili iko huku." Sabini na moja. Sabini na sita. Sabini na tisa, siku ambayo hawakusemeshana mpaka jioni. Kisha mchana mmoja simu ikalia, na safari hii daktari aliweka spika.

"Themanini na tatu," Profesa akasema. "Vidole vyote vimekunjika, nimevihesabu. Na yule wa namba saba yuko wapi? Nataka awafundishe wenzako."

"Nipo, Profesa," fundi akajibu. "Nitakuja. Ila nina gauni la kumalizia."

"La nani?"

"Langu."

Alivuta kitambaa kilichofunika sanamu ya nguo pembeni. Gauni jeupe, kifua kimedariziwa, mikono mirefu, kila mshono umenyooka. Pindo la chini tu ndilo lililokuwa limebanwa kwa pini mzunguko mzima, halijashonwa. Daktari alitambua kitambaa, kilikuwa mezani kwa fundi tangu wiki ile ya kutoa nyuzi.

"Pindo nimekuachia wewe." Akampa sindano iliyokwisha kutungwa uzi.

Daktari alipiga magoti sakafuni, akaishika ncha ya pindo.

"Nikimaliza utalipimaje? Utamimina maji?"

"Nitalivaa," fundi akasema.