Kizuizi cha Kara-Tash

Bibi Kalima alifia kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwanawe, hatua kumi kutoka kizuizi cha barabara.

Inspekta Zuura Osmonalieva alimfunika uso kwa shali, kisha akamgeukia mwana, Emil.

"Mlisubiri muda gani?"

"Saa nne nzima. Moyo ulikuwa umembana. Hospitali iko Naryn, ng'ambo ya mlima. Mzee wa kizuizi akang'ang'ania kompyuta imefunga barabara."

"Theluji?"

"Theluji gani, dada? Upepo tu!"

Kweli. Zuura mwenyewe alikuwa amepanda kutoka Naryn kwa dakika arobaini, bila minyororo ya magurudumu.

Kibandani, mlinzi Tologon alimkaribisha kwa mikono miwili. Meza ilijaa boorsok, vile viandazi vya wageni, na bakuli kumi na mbili za chai. Madereva waliokwama walikuwa wametoka kumtazama marehemu.

"Kaa, mwanangu. Kunywa kwanza."

"Nionyeshe kompyuta, mzee."

Jedwali lilikuwa jepesi. Mlinzi anaandika kasi ya upepo na kina cha theluji. Seli ya mwisho inajibu PITA au FUNGA. Zuura alibonyeza seli hiyo, akasoma fomula: KAMA upepo umezidi kumi na tano AU theluji imezidi thelathini, FUNGA. Waraka wa idara, uliobandikwa ukutani, ulisema NA. Hatari ni vyote viwili pamoja, kwa sababu upepo usio na theluji haufukii barabara.

Akaondoa AU, akaweka NA. Seli ikajibu PITA.

"Nani anagusa hii?"

"Mafundi wa mjini."

"Walikuja lini?"

"Kiangazi."

"Boorsok zote hizi ulizikaanga saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na barabara ilifungwa saa ngapi?"

"Saa tano."

"Unaishi peke yako, mzee. Alfajiri ulijuaje kwamba utapata wageni wengi hivi?"

Tologon aliinamia meza. Akaanza kupanga bakuli zilizokwisha kupangwa.

"Redio ilisema mchana kutakuwa na upepo," alisema. "Tangu mke wangu afariki, magari yanapita tu, mwanangu. Hata honi hawapigi. Nilibadilisha neno moja. Siku za upepo wanakaa, wanakula, wananicheka eti viandazi vyangu vinavunja meno. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Emil hakukwambia mama yake anaumwa?"

"Aliniambia. Wote husema wana haraka." Akashika bakuli moja. "Nilimpelekea chai garini. Alinishukuru yule bibi."

Zuura alimkasirikia, na alimhurumia zaidi ya alivyopenda. Yeye naye, kila jioni, alifungua mlango wa nyumba isiyomwitikia. Lakini nyumba yake haikuua mtu. Akamfunga pingu, akahifadhi jedwali, akatoka kuinua kizuizi.

Magari yalipita mfululizo. Tologon alisimama dirishani, akitazama wale waliokuwa wakimcheka mchana. Hakuna aliyegeuza shingo.

Emil alipita wa mwisho, akimpeleka mama yake hospitali ile ile, kwa uchunguzi wa maiti. Safari hii hakuwa na haraka.