Kikao Kilichoitwa Kidege

Jumatatu asubuhi mtakwimu alifungua kompyuta yake akakuta kikao chake, yaani muunganisho wake wa kazi, bado kiko wazi kwenye seva, kinapiga kazi chenyewe tangu Ijumaa. Kosa ni lake. Hesabu nzito zilifanywa kwenye seva, ile mashine kubwa ya chumba cha chini, na kuunganisha upya kulikuwa karaha tupu: uandike anwani, uandike nywila, ukipe kikao jina. Basi ofisi nzima waliacha vikao wazi, wakaviita majina ya watoto wao wasije wakasahau. Yeye chake alikiita Kidege, jina la kumdekeza bintiye wa miaka minne.

Halafu ile harufu. Loh! Nyama iliyooza kwenye maziwa yaliyochacha, nayo ilitoka ndani ya kibodi. Alipobonyeza herufi, usaha ukachuruzika chini ya kidole, vuguvugu, ukavutika kama kamasi. Alikimbilia chooni akatapika chai yote.

Aliporudi, kwenye skrini palikuwa na jedwali ambalo hakuliagiza. Juu limeandikwa Kidege. Chini yake, uzito kwa kilo: 16.2. 15.1. 13.8.

Akampigia mumewe. "Mtoto vipi?"

"Dawa ya minyoo haijasaidia kitu," mume alinong'ona. "Gauni ulilomvisha asubuhi linamvuka. Na mdomo wake, mama watoto, unanuka mzoga."

Fundi wa mtandao akaja, akachomoa waya. Jedwali likaendelea: 13.1. Fundi akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada, hii si kazi yangu tena. Ngoja nimwite shangazi."

Shangazi yake alikuwa mganga, mwanamke mwenye ulimi mkali. Alipofika aliziba pua mlangoni.

"Ptuu! Mnakaaje na uchafu huu? Siku tatu mlango wazi, tena mmelitajia jini jina la mtoto. Mlidhani ataingia nani, malaika?"

"Nikifunga kikao, litatoka?"

"Litatoka. Na litaondoka na mwenye jina."

Mtakwimu akauliza kwa sauti ya chini, "Na nikibadilisha jina?"

Fundi akamshika mkono. "Dada, usifanye hivyo."

"Niache. Ni mwanangu."

Akatumbukiza vidole kwenye ule usaha, ambao sasa ulikuwa umefurika mezani ukimdondokea mapajani na funza ndani yake, akafuta herufi za Kidege moja moja na kuandika jina lake mwenyewe, huku nyuma ya skrini kitu kikifyonza kama mtu afyonzaye uboho wa mfupa, kikifyonza kwa pupa zaidi kila herufi ilipoingia, na mganga akisoma dua kwa kasi hadi povu likamtoka mdomoni, mpaka mtakwimu akabonyeza kufunga.

Skrini ikazima. Ofisini hewa ikawa safi.

Simu ikaita. Mume alikuwa analia na kucheka pamoja. "Anakula! Amemaliza bakuli la pili, anadai jingine! Ngoja, anataka kuongea nawe."

Mtakwimu akaegemea ukuta, machozi yakimbubujika. "Mwanangu, mama anakuja sasa hivi."

 Upande wa pili mtoto akaanza kulia.

"Baba, chukua simu yako. Inanuka."