Koti la Fundi Saa

Dobi alizoea jasho. Alisimama mbele ya pasi tangu ujana. Lakini jasho hili lilinukia marashi, na yeye hakuwahi kujipaka marashi.

Lilianza siku moja baada ya harusi ya shemeji yake. Homa ilikuwa ndogo, ya mtu kuendelea na kazi, ila shati lililowa hadi likakamulika. Mteja mmoja alirudisha suruali yake dukani ikiwa na madoa ya jasho, akamwonyesha mke wa dobi. "Hii mmeifua au mmeivaa?" Watu wakacheka. Dobi aliinamisha uso, maana harusini alikuwa amevaa koti la mteja.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na huyu hata hakuazima. Koti lilikuwa la marehemu fundi saa. Mjane wake alilileta lisafishwe. Dobi alimdanganya mkewe kwamba amepewa. Harusini shemeji alimwita "bosi", naye akaitika.

Daktari alimweleza kuwa homa ndogo yenye jasho jingi huweza kuletwa na malaria, kifua kikuu, tezi ya shingo, dawa fulani, hata wasiwasi. Akampima. Majibu yakatoka safi.

"Kuna jambo hujaniambia?"

"Hakuna, daktari."

Mganga aliyemwendea baadaye, mama mnene asiyependa porojo, alimnusa shingoni tu, akarudi nyuma.

"Umevaa koti lenye mwenyewe," alinong'ona. "Mwambie mjane ulilivaa. Koti likiondoka hujasema, mwenyewe anabaki kwako. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nikimwambia peke yake, faraghani?"

"Mwambie popote atakapokuuliza."

Mchana ule alibaki peke yake dukani, akasikia kitu kikipumua kati ya nguo zilizotundikwa, taratibu, kama mtu aliyepanda ngazi, na alipogeuka aliona mikono ya koti imejaa, kifua kimetuna, marashi yakizidi, akabaki amesimama huku jasho likimtiririka mgongoni na kuingia viatuni, na aibu ikimuuma kuliko hofu. Kisha mikono ya koti ikalegea.

Mlangoni waliingia mkewe na shemeji yake, wakicheka. Nyuma yao, mjane.

"Nimefuata koti, mwanangu," alisema mjane. "Nalirudisha kwa wenyewe. Halikuwa la mume wangu. Mteja wake aliliacha dukani alipoleta saa, mume wangu akalivaa siku moja tu. Tangu hapo ni jasho hadi tunamzika. Aliambiwa aseme, akashindwa kwa aibu." Akapunguza sauti. "Wewe hukulivaa?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Dobi alimtazama mkewe, kisha shemeji, ambaye alikuwa akilikodolea macho lile koti.

"Mimi, mama? Nivae koti la mteja?"

Tone la jasho likaanguka kwenye kaunta. La pili likafuata. Mkewe aliacha kutabasamu.

Mjane alitoa kitambaa, akapangusa kaunta polepole. Akalishika koti; lilikuwa kavu kabisa, wala halinukii kitu.

"Na marehemu alinijibu hivyo hivyo," alisema, akaondoka nalo.