Wiki za Mashine

Walikutana kwa kugombania paja la kuku. Ilikuwa mkesha wa Krismasi, Ukunda imefurika watu, na kwenye karai la muuza kuku kando ya barabara lilikuwa limebaki paja moja tu. Kalekye aliliagiza. Kijana mmoja nyuma yake, shati jeupe la hoteli bado linanuka vitunguu, naye akaliagiza.

"Kaka, mimi nimetangulia," Kalekye akamwambia.

"Mrembo, mimi ni mpishi. Kutwa nzima nawapikia wageni kuku, sijaonja hata shingo."

"Sasa hilo ni kosa langu?"

Watu wakacheka. Paja likamegwa, Kalekye akapewa kipande kikubwa, na namba za simu zikabadilishanwa. Kijana aliitwa Cliff, mtu wa Bungoma, mpishi katika hoteli moja kule Chale. Kalekye alikuwa msusi, Mkamba aliyezaliwa Msambweni. Siku ile dera lake la zambarau lilimkaa hata Cliff akasahau chenji yake kwa muuza kuku.

Mapenzi yakanoga. Masika yalipofika, hoteli ikafungwa kama kawaida yake, na wafanyakazi wakarudi makwao kungojea wageni warejee. Cliff akaenda kupalilia mahindi ya mamake, mapenzi yakawa ya simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula ugali na hamu yako."

Mwisho wa Juni akarudi, na begi lake halijatua hata sakafuni, wakawa wamekumbatiana. Haukupita muda mrefu, Kalekye akawa hawezi kunusa mafuta ya nywele bila kutapika. Cliff alifurahi kupita kiasi. Mamake akaambiwa, habari za mahari zikaanza kuzungumzwa. Kisha ikaja siku ya kupigwa picha ya tumbo.

Zahanati ya karibu na kwao Kalekye ilikuwa imepata kifaa kipya, kidude cha kushika mkononi kilichounganishwa na tableti. Daktari wa kusoma picha hakuwepo. Muuguzi, Sista Roselyne, alimpaka jeli tumboni, akakipitisha juu na chini, kushoto na kulia, na akili bandia iliyokuwa ndani ikasoma yenyewe.

"Wiki kumi na tatu. Moyo unapiga vizuri, mama. Anayefuata!"

Kalekye alitoka mbio hadi barazani, akapiga simu.

"Baba mtoto!"

"Naam, mama mtoto!"

"Moyo unapiga, Cliff! Mashine imesema wiki kumi na tatu."

Sufuria zilisikika zikigongana huko jikoni kwake.

"Hebu rudia. Ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Nimerudi wiki kumi na moja tu. Kumi na tatu nyuma si nilikuwa bado Bungoma?"

Kalekye akacheka, akidhani ni utani. "We nawe! Basi mashine imekosea."

"Hiyo ni kompyuta, Kalekye. Hainanga mtu wa kumficha. Itadanganya kwa nini?"

"Na mimi nitakudanganya kwa nini?"

"Niambie tu ni nani."

Hasira zilimpanda Kalekye. Mtu na akili zake timamu! "Sijalala na mwanamume mwingine. Huyu ni mtoto wako. Umenisikia?"

"Mashine inasema vingine," akajibu Cliff, akakata simu.

Kalekye akampigia tena na tena, hakushika. Juma likapita, la pili likafuata. Saluni alikuwa akiwavuta wateja nywele hadi wanapiga kelele. Mwishowe akarudi zahanati kugombana.

"Sista, shikamoo, lakini mashine yenu ni mwongo!"

Sista Roselyne alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Marahaba, mwanangu. Haikudanganya. Mimba tunaihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kabla hata hujaishika. Ndivyo tulivyofunzwa sisi, na mashine imefunzwa vivyo hivyo. Ondoa kama wiki mbili, utaona mumeo alikuwa amesharudi."

"Mbona hukunieleza siku ile?"

"Foleni si uliiona? Mpigie simu, mwambie."

Kalekye alitoa simu, akalitafuta jina la Cliff, kidole kikasita. Amwambie nini tena? Si alishamwambia? Alikuwa na hamu naye hadi akajichukia, lakini simu aliirudisha mkobani.

Cliff alikuja mwenyewe saluni, adhuhuri, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Kalekye alikuwa akimsuka Mwanaima, mteja wake wa siku zote.

"Kalekye, nisamehe. Natoka kwa Sista Roselyne. Nilienda kumwuliza kama mashine inaweza kukosea, akanieleza habari ya wiki mbili. Ni wangu!" Akapiga magoti juu ya nywele zilizokatwa. "Jumamosi wazee wangu wanaleta mahari."

"Habari ya wiki mbili niliijua kitambo."

"Uliijua? Na ukaniacha niteseke hivi? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Siku ile ile nilikuambia ni wako."

"Sikuwa naelewa, mpenzi."

"Hata mimi siku ile sikuwa naelewa, Cliff. Mambo ya kuhesabu wiki sikuyajua. Nilijua nimelala na nani, basi." "Nijibu kitu kimoja. Kama leo Sista Roselyne angekuwa likizo, ungekuja hapa?"

Cliff akaanza kuokota nywele zilizoganda kwenye suruali yake. Mwanaima mwenyewe aligeuza kichwa akingojea jibu.

"Haya," akasema Kalekye. "Mtoto ni wako, akizaliwa njoo umwone, na jina la kwenu atalichukua. Wazee waambie wasije."

"Lakini nakupenda, Kalekye."

"Nami nakupenda. Ndiyo maana imeniuma hivi. Nenda."

Cliff akainuka, akatoka. Kalekye akaendelea kusuka huku machozi yakimtiririka.

"Mwite, shoga," Mwanaima akanong'ona. "Amesimama tu hapo nje."

"Namwona," akasema Kalekye, wala hakumwita.