Jiwe la Badru

Haya yalimpata Badru, jirani yangu wa Kwa Mathias. Alipata pancha barabara ya Dutumi, akaweka jiwe, kwa mikono yenye grisi ya jeki, kuzuia gari lisirudi nyuma. Alipomaliza kubadili tairi aliondoka, akaliacha jiwe pale barabarani. Jioni hiyo dereva wa bodaboda akaliparamia, akafa. Badru alikwenda mazikoni, akabeba jeneza, akanyamaza.

Wiki iliyofuata, palepale, gari lake liligonga kitu asichokiona. Tangu hapo ekzosi ikawa inagonga: ko, ko, ko.

Fundi Bernard akaingia uvunguni na tochi.

“Kaka, kuna kitu humu ndani, na sioni kilipoingilia.”

Akalikata boksi la ekzosi. Likadondoka jiwe kubwa kuliko bomba, lenye alama nne za vidole vya grisi. Badru akaweka vyake juu, vikakaa sawasawa. Grisi ilikuwa bado mbichi.